Ukibadilisha Maneno Bado Umekopi: Shida ya Wasifu wa Watu Kwenye Kamusi Elezo za Mtandaoni

Ushauri anaopewa karibu kila mtu anayeanza kuandika wasifu wa watu Wikipedia ni uleule, usikopi na kupesti, badilisha maneno. Na watu wanaufuata kwa moyo mmoja kabisa. Wanafungua ukurasa rasmi wa mwanasiasa au mwanamuziki, wanaweka dirisha la kuandikia pembeni, halafu wanashuka sentensi kwa sentensi: "mashuhuri" inageuka "maarufu", "alifariki" inageuka "aliaga dunia", "alijiunga na" inageuka "aliingia", hapa na pale wanapindua sentensi ili mwisho uje mwanzo, wakimaliza wanaweka linki ya chanzo chini na wanaamini wameandika makala. Siku moja inakuja alama ya kufutwa, mtu anaumia, anauliza jamani si nilibadilisha kila kitu?

Kwa maoni yangu ushauri wenyewe ndo mbovu, na umeharibu waandishi wengi wazuri kuliko uvivu ulivyowaharibu. Kukopi kwenye wasifu hakuanzii kwenye maneno. Kunaanza mapema zaidi, pale mtu alipoamua kusoma chanzo kimoja na kuandika huku kiko wazi mbele yake. Ukishafanya hivyo mpangilio ni wa mwenzako, uamuzi wa kipi kitajwe na kipi kiachwe ni wa mwenzako, hata ile hamu ya kumsifu mhusika ni ya mwenzako, kazi iliyobaki kwako ni kutafuta visawe. Na visawe havimfanyi mtu kuwa mwandishi.

Tuanze na sheria maana hapo ndo watu wanachanganya. Ukweli wenyewe hauna mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa, shule aliyosoma, mwaka aliochaguliwa, idadi ya albamu, hakuna anayeweza kusema hiyo ni mali yangu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ndo mama wa sheria za hakimiliki karibu dunia nzima, kwa jinsi ulivyorekebishwa baadaye unasema wazi kwamba habari za siku na taarifa tupu za matukio hazilindwi. Marekani kuna kesi maarufu ya mwaka 1991, Feist dhidi ya Rural. Rural walikuwa kampuni ya simu na walichapa kitabu cha namba za simu za wateja wao, Feist wakataka kutumia zile namba kwenye kitabu kikubwa zaidi, wakanyimwa ruhusa, wakazichukua tu. Walipolinganishwa ikaonekana majina 1,309 yanafanana kabisa, na kati ya hayo manne yalikuwa ya uongo, Rural waliyachomeka makusudi ili kumnasa atakayekopi. Yaani Feist walinaswa waziwazi, na bado Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, kwa sababu orodha ya majina na namba kwa alfabeti haina ubunifu wowote wa kulindwa, na jasho la kuikusanya peke yake halitoshi kumpa mtu hakimiliki.

Kwahiyo mwandishi wa wasifu ana uhuru mkubwa sana, anaweza kuchukua kila tarehe na kila tukio kutoka kitabu cha mwenzake. Anachokatazwa ni kuchukua namna mwenzake alivyolisema: picha alizozichora kwa maneno, mfuatano wa mawazo, uchaguzi wa vitu gani visimame pamoja, hitimisho alilolivuta. Hii ndo inaitwa usemi, na usemi hauondoki kwa kubadilisha neno moja moja.

Kesi inayonigusa zaidi inahusu wasifu moja kwa moja. Miaka ya 1980 mwandishi wa Uingereza Ian Hamilton alikuwa anaandika maisha ya J.D. Salinger, mwandishi wa Marekani ambaye alikuwa hataki kabisa kufuatiliwa. Hamilton alipata barua za Salinger ambazo waliotumiwa walikuwa wameziweka kwenye maktaba za vyuo, akazinukuu. Salinger akapinga. Hamilton akarudi mezani akaondoa sehemu kubwa ya nukuu na kuweka maneno yake mwenyewe badala yake, akijua sasa yuko salama. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikasema hapana, maana maneno yamebadilika lakini ustadi wa Salinger bado uko mle ndani, mzaha wake, mifano yake, mapigo yake. Na ikaongeza jambo ambalo kila mhariri wa wasifu angelikariri: mwandishi wa maisha ya mtu mara nyingi itabidi aridhike na kusema tu mhusika alifanya nini, hata kama sentensi itatoka ya kawaida isiyo na mvuto, hana ruhusa ya kukimbia ukawaida huo kwa kuazima ufundi wa mwingine. Sheria ya Marekani ilirekebishwa mwaka 1992 kuhusu maandishi ambayo hayajachapishwa, lakini hoja ya kwamba kubadilisha maneno kwa karibu ni kukopi, hiyo haikuguswa.

Ndo maana nasema wanaoogopa sentensi za kawaida ndo wanaoishia kukopi. Kamusi elezo haihitaji mvuto. Sentensi kavu iliyo sahihi ni heshima kwa msomaji.

Ngoja nioneshe kwa karibu. Nitatunga sentensi ya chanzo mwenyewe, kwa mtindo wa zile zinazopatikana kwenye vipeperushi na kurasa za kusifu, kuhusu Wangari Maathai:

"Mzaliwa wa Nyeri, Maathai aliichukua mbegu ndogo ya wazo mwaka 1977 akaikuza mpaka ikawa msitu wa wanawake waliokataa kunyamaza, na dunia ilipomtunuku Nobeli ya Amani mwaka 2004 ilikuwa inaitunuku mikono yote iliyochimba mashimo."

Sasa huyu hapa aliyeambiwa abadilishe maneno:

"Maathai, aliyezaliwa Nyeri, mnamo 1977 alianza na punje ya fikra akailea hadi ikageuka pori la akina mama waliogoma kukaa kimya, na ulimwengu ulipompa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 ulikuwa unaituza mikono ya wote waliofukua ardhi."

Angalia vizuri. Ukiondoa jina la mtu, jina la tuzo na miaka, karibu hakuna maneno mawili yaliyofuatana vilevile. Programu ya kulinganisha maandishi itapita hapo bila kushtuka. Lakini mbegu inayokuwa msitu bado ipo, wanawake wasionyamaza bado wapo, dunia kutunuku mikono bado ipo, na vitu vyote vinakuja kwa foleni ileile. Vitu vitatu vyenye ubunifu kwenye ile sentensi vyote vimehamishwa, na kilichoachwa nyuma ni herufi tu. Tena kuna aibu nyingine ndogo, ile sentensi yote haijataja hata jina la harakati aliyoianzisha, kwahiyo na aliyekopi naye hajataja, kwa sababu hakuwa anauliza maswali yake, alikuwa anafuata.

Mtu aliyesoma vyanzo vitatu vinne na kuuliza maswali yake anaandika kitu cha aina hii:

"Mwaka 1977 Maathai alianzisha Green Belt Movement chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Wanawake waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche ulioshika. Mwaka 1989 aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga jengo refu ndani ya Uhuru Park, Nairobi, mpango ambao baadaye uliachwa. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani."

Haina madoido. Lakini msomaji amepata mara tano zaidi, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema hiyo ni sentensi yake. Tofauti hii haikuletwa na msamiati, imeletwa na swali: ilianzishwa chini ya nani, wanawake walipata nini, alipambana na nini kabla ya tuzo. Maswali ni yako, majibu yametoka sehemu tofauti, mpangilio unajizalia wenyewe.

Kuna watu watauliza, sasa "alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940" nitaisemaje kwa namna nyingine? Usiiseme kwa namna nyingine. Kuna vitu vina njia moja au mbili tu za kuvisema na hakuna anayekulaumu kwa kuvisema hivyo. Majina ya shahada, majina ya vyeo, majina ya tuzo, orodha ya vitabu kwa miaka, hivyo viache kama vilivyo. Nimeona makala ambapo mtu kwa kuogopa kukopi amegeuza "naibu waziri" ikawa "msaidizi wa waziri", na hapo ndo ameharibu kabisa maana cheo kimekuwa kingine. Woga wa kukopi usikufanye uandike uongo.

Na hapa kwenye uongo nataka nikae kidogo, maana kwa watu walio hai kisawe kinaweza kumuumiza mtu kweli. Chukua mtu aliyetajwa kwenye habari ya rushwa. Kutuhumiwa ni kitu kimoja, kuhojiwa ni kingine, kufikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka ni kingine, kukutwa na hatia ni kingine kabisa, na kuachiwa kwa rufaa ni kingine tena. Mwandishi anayetafuta neno tofauti na la chanzo, bila kuwaza, anatoa "alituhumiwa" anaweka "alipatikana na makosa" kwa sababu imekaa vizuri sikioni. Hapo ameshampa hatia mtu ambaye hakuna hakimu aliyempa, na makala iko mtandaoni kwa jina lake, mwajiri wake anaisoma, watoto wake wanaisoma. Wikipedia ina sera kali kuhusu watu walio hai, jambo lolote zito lisilo na chanzo cha kuaminika linaondolewa mara moja bila kusubiri mjadala, na mimi naona sera hiyo ingesomwa pamoja na ile ya kukopi, kwa sababu mara nyingi kosa la pili linazaa la kwanza. Maneno ya kisheria, ya kitabibu na ya vyeo hayachezewi. Yaandike kama yalivyo, weka chanzo, songa mbele.

Sasa kwanini wasifu ndo unaongoza kwa kukopiwa kuliko makala za mito au za wadudu? Sababu ya kwanza ni kwamba karibu kila mtu maarufu ana ukurasa wa "Kuhusu" ulioandikwa tayari, mtamu, una kila kitu kwa mpangilio, kuzaliwa hadi tuzo ya juzi. Inaonekana kama kazi imeshafanyika. Lakini ukurasa ule umeandikwa na mtu wa kumnadi mhusika, kwahiyo ukikopi, hata kwa kubadilisha maneno, unabeba na matangazo: mwenye maono, asiyechoka, aliyeleta mapinduzi makubwa. Na unabeba na ukimya wake, maana ukurasa rasmi hausemi aliondolewa kwenye cheo, unasema aliamua kufuata changamoto mpya. Sababu ya pili ni kwamba maisha ya mtu yana mfuatano wa asili, alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa au kuolewa, akafa, kwahiyo mwandishi anadhani hakuna namna nyingine ya kupanga. Ipo. Unaweza kutenga siasa na uandishi wake, unaweza kuanza na kile kilichomfanya ajulikane halafu ndo urudi utotoni, unaweza kuipa miaka miwili iliyokuwa na mambo mengi aya tatu na miaka ishirini ya utulivu sentensi moja. Huo ni uamuzi wa mwandishi na ndo unaoifanya makala iwe yake.

Kuna kundi lingine la waandishi, hasa sisi tunaoandika kwa lugha ambazo hazina maandishi mengi mtandaoni, wanaoamini kwamba kutafsiri kunasafisha. Chanzo ni cha Kiingereza, mimi nimeandika Kiswahili, hakuna neno hata moja linalofanana, nimekopi vipi? Umekopi vizuri tu. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, iko kwenye mkataba uleule wa Berne, ndo maana wachapishaji wananunua haki za tafsiri. Ukichukua ukurasa wa wasifu wa Kiingereza wenye hakimiliki, ukaupitisha kwenye programu ya kutafsiri, ukarekebisha ngeli zilizopinda na kuuweka kwenye kamusi elezo, hiyo ni kazi ya mtu mwingine iliyovaa Kiswahili. Na ni vigumu zaidi kugundulika, jambo linalonipa wasiwasi, maana wahariri wa wiki ndogo ni wachache na programu nyingi za kukagua zinalinganisha maneno ya lugha moja.

Tofauti ipo kwa kutafsiri kutoka Wikipedia yenyewe kwenda Wikipedia nyingine. Hiyo inaruhusiwa, tena inahimizwa, kwa sababu maandishi yake yako chini ya leseni huria ya Creative Commons, toleo la 4.0 tangu mwaka 2023. Lakini leseni huria ina masharti, na la kwanza ni kutaja waandishi. Kwa vitendo ni kitu kidogo mno, unapohifadhi ukurasa unaandika kwenye muhtasari wa uhariri kwamba hii imetafsiriwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza, makala fulani, pamoja na linki. Sekunde kumi. Ukiacha, umewafuta watu wote walioijenga ile makala. Na usisahau kwamba ukitafsiri makala unabeba na makosa yake, kwahiyo vile vyanzo vilivyoko chini vifungue uvisome kabla hujavibandika kama vile umevisoma.

Kubeba makosa ya mwingine ndo upande wa hatari ambao hauhusiani na sheria kabisa. Mwaka 1975 ensaiklopidia moja ya Marekani, New Columbia, ilichapa wasifu wa Lillian Virginia Mountweazel, mbunifu wa chemchemi aliyegeuka mpiga picha, aliyepiga picha za masanduku ya barua ya vijijini na kufa kwenye mlipuko akiwa kazini kwa jarida linaloitwa Combustibles. Mtu huyo hajawahi kuishi. Aliwekwa kama mtego, yeyote atakayechapa wasifu wake atakuwa amejitangaza mwenyewe. Na mwaka 2009, alipofariki mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre, mwanafunzi mmoja wa Dublin alichomeka nukuu ya kutunga kwenye makala yake ya Wikipedia. Wahariri wa Wikipedia waliiondoa zaidi ya mara moja kwa sababu haikuwa na chanzo, ila magazeti ya nchi mbalimbali yalikuwa yameshaikopi kwenye taazia zao, na hayakujua mpaka mwenyewe alipojitokeza kusema. Fikiria mhariri mwingine baadaye anaiona nukuu kwenye gazeti, anairudisha Wikipedia safari hii ikiwa na chanzo cha heshima. Uongo umepata nyaraka. Hili linatokea sana kwenye madai ya "wa kwanza", mwanamke wa kwanza, Mwafrika wa kwanza, daktari wa kwanza, yanahama kutoka ukurasa hadi ukurasa na hakuna anayejua nani aliyahesabu. Dai la namna hiyo litaje pamoja na anayelisema, kwa mfano tovuti ya Tuzo za Nobeli inamtaja Maathai kama mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, basi sema ni nani anayesema hivyo.

Na sasa tuna hizi roboti za kuandika. Mtu anabandika wasifu mzima anaiambia iandike upya kwa maneno tofauti. Kimsingi ni ushauri uleule mbovu umepewa mashine, na mashine inautekeleza kwa bidii kuliko binadamu: mpangilio unabaki, mawazo yanabaki, maneno yote yanahama, halafu juu yake inaweza kuongeza chuo ambacho mhusika hakusoma na tuzo ambayo hakupata. Anayeibandika bila kulinganisha na vyanzo ana matatizo mawili kwa mpigo, kazi ya mtu na uongo wa mashine.

Vitabu vya zamani vilivyotoka kwenye hakimiliki navyo vina utata wake. Ensaiklopidia ya Britannica toleo la 11, la mwaka 1910 na 1911, iko huru, na wasifu mwingi wa Wikipedia ya Kiingereza ulianza kwa maandishi yake. Kisheria chukua hata ukurasa mzima. Ila kutoutaja bado ni wizi wa maandishi, kwa sababu wizi wa maandishi ni kumdanganya msomaji kuhusu nani ameandika, na hilo halina muda wa kuisha kama hakimiliki. Tena maandishi ya 1911 yana mitazamo ya 1911 kuhusu Afrika, kuhusu wanawake, kuhusu dini za watu, kwahiyo atakayeyatafsiri kama yalivyo anamletea msomaji wa leo dharau za wakati ule.

Kinachofanya kazi, kwa ninavyoona, ni kazi ya kabla ya kuandika. Tafuta vyanzo viwili vitatu ambavyo havikutoka kwa mhusika wala havikukopiana, gazeti la wakati ule, kitabu cha historia, ripoti ya tume, mahojiano. Soma, chukua noti, lakini noti ziwe vipande vya ukweli tu, sio sentensi: mwaka, tukio, chanzo, ukurasa. "1971, uzamivu, Nairobi." Noti ya namna hiyo haina usemi wa mtu ndani yake, kwahiyo hata ukitaka kukopi huna cha kukopi. Halafu funga vyanzo, ufunge kweli, sio kupunguza dirisha. Panga noti kwa maswali ambayo msomaji wako atakuwa nayo. Andika kwa lugha unayoongea. Ukimaliza ndo unafungua vyanzo tena, kwanza kuhakiki ukweli, pili kuona kama kuna sentensi imekuganda kichwani ikatoka vilevile, maana inatokea kwa mtu yeyote mwenye kumbukumbu nzuri. Ukikuta neno la mwenzako ni zuri kiasi kwamba huwezi kuliacha, nukuu, weka alama za kunukuu, taja jina lake. Hilo ni jambo la heshima kabisa.

Ila nukuu iwe fupi na iwe na sababu. Watu wanaulizana ni maneno mangapi yanaruhusiwa, na jibu ni kwamba hakuna namba. Mwaka 1985 jarida la The Nation lilishindwa kesi Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kuchapa maneno kati ya 300 na 400 kutoka kumbukumbu za Rais Gerald Ford kabla hazijatoka, na muswada wake ulikuwa na maneno kama 200,000. Maneno yale machache ndo yalikuwa moyo wa kitabu.

Ruhusa nayo ieleweke. Kuweka linki ya chanzo sio ruhusa. Mhusika kukwambia kwa meseji "chukua tu ndugu yangu" sio ruhusa inayotosha, na hata ruhusa ya kutumia Wikipedia peke yake haitoshi, kwa sababu leseni ya Wikipedia inamruhusu mtu yeyote kuyatumia maandishi hata kibiashara, na mwenye kazi lazima akubali hilo kwa maandishi, kwa mfano kupitia imeili ya wanaoshughulikia ruhusa Wikipedia. Wengi wakielezwa hivyo wanagoma, na wana haki. Hata ukiwa wewe ndo uliyeandika tovuti yako, utaratibu ni huohuo, maana wahariri hawana namna ya kujua kwamba wewe ni wewe.

Kwa wanaokagua makala za wengine nina ombi la upole. Programu kama Copyvio Detector, inayolinganisha makala na kurasa nyingine za mtandaoni, inatoa asilimia, na asilimia inadanganya pande zote mbili, makala yenye orodha ndefu ya vitabu na nukuu halali itapanda juu bila kosa, na ile ya mbegu na msitu niliyoionesha hapo juu itashuka chini kabisa. Fungua chanzo usome kwa macho. Kabla hujamshutumu mtu hakikisha pia nani alianza, kwa sababu tovuti nyingi zinakopi Wikipedia bila kuitaja, historia ya ukurasa inaonesha kila sentensi iliingia lini na Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandaoni, inaweza kukuonesha ile tovuti ilikuwaje wakati huo. Ikithibitika kwamba makala imekopiwa, kubadilisha neno hapa na pale juu ya maandishi yaleyale hakusaidii, ondoa sehemu yenye tatizo, andika upya kuanzia kwenye ukweli, na mwombe mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki, afiche matoleo ya zamani maana bado yanasomeka kwenye historia. Na mwandishi mpya mweleze kwa kumwonesha sentensi zake mbili tatu pembeni ya chanzo, sio kumbandikia tangazo la sera. Wengi wanaacha kabisa kuandika baada ya makala ya kwanza kufutwa bila maelezo, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, haina watu wa kupoteza.

Linabaki swali gumu kuliko yote, chanzo kikiwa kimoja tu ufanye nini? Kuna watu wengi wa maana walioandikwa mara moja tu, kwenye kitabu kimoja au gazeti moja. Hapo usijaze. Chukua ukweli mkuu, jina, miaka, alichofanya, kwanini anakumbukwa, andika sentensi nne za kawaida, weka chanzo, weka alama ya mbegu, ile inayosema makala bado ni fupi, acha. Usichukue simulizi yote ya mwandishi yule eti ili makala iwe ndefu. Na kama hicho chanzo kimoja ni ukurasa wake mwenyewe mhusika, basi huna makala bado, hifadhi noti zako mpaka mtu mwingine asiye na maslahi atakapoandika juu yake.